Mwanafunzi wa meno ukija Lamu: anzia mkekani, kiti cha kliniki baadaye

Kila wakija wanafunzi wa meno huku kwetu kwa atachment, yaani mazoezi ya kazi, wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi ama wa Moi kule Eldoret, na wadogo zangu wa KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, swali la kwanza huwa lile lile, madam hapa kwa wiki tutang'oa mangapi? Nawaelewa manake logbuku yataka idadi na mwalimu ataka kuona sahihi. Lakini kuna watu hawamo kwenye hiyo hesabu. Kuna kijana Matondoni hakuwahi kuangaliwa mdomo na mtu wa meno mpaka akafika miaka 11, kuna bibi Shela kapooza upande mmoja anakula huku chakula kimemjaa shavuni na hana habari, kuna binti kiziwi wa Faza alitoka kwao na boti ya alfajiri kwa ajili ya jino akarudi na panadol kwa sababu hapakua na mtu wa kumuuliza ni jino lipi. Hawa ndo nataka mjifunze kwao. Na msidhani ni wachache, WHO, Shirika la Afya Duniani, yasema watu wenye ulemavu duniani ni kama bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya kila 6, kwa hivo hata ukifungua kliniki yako Nairobi watakuja tu.

Haya ni ya mwanafunzi lakini mama, dada, shangazi, yeyote anayemlea mtu mwenye ulemavu nyumbani na asome pia, mengi yake hayahitaji daktari.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, chuo sikitaji, aliletwa mtoto wa miaka 9 mwenye usonji, gego limeoza, analia tangu mlangoni. Tukaambiwa wanafunzi wanne tumshike, wawili mikono wawili miguu, mimi nilikua mguu wa kulia. Jino likatoka kwa dakika chache tukasifiwa. Mamake alikua amesimama pembeni ameuma ncha ya kanga, hakusema neno. Tarehe ya kuziba mengine mawili ilipofika hawakuja, na wiki ile nzima nikilala nausikia ule mguu ukinisukuma mkononi. Hakuna aliyetuambia kuna njia nyengine. Njia ipo, na nyingi yake sikuipata darasani, nilifunzwa na mama mmoja wa Matondoni akiwa kwenye mkeka wake, ntafika huko.

Kabla ya yote, ulimi wako. Usiseme zezeta, taahira, bubu, kiwete, hata kama umesikia jirani akisema, hata kama ni babake mwenyewe kasema. Sema mtu mwenye ulemavu, na bora zaidi uliza jina utumie jina. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 imeandika wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, kwa hivo si adabu peke yake, ni sheria. Alafu ongea na YEYE. Nshawaona wanafunzi wazuri kabisa, wana akili, mgonjwa ni mtu mzima wa miaka 30 amekaa kwenye kiti cha magurudumu na wao wanamuuliza dadake aliyekisukuma, eti anaumwa wapi. Huyo bwana ana mtindio wa ubongo, maneno yanatoka polepole, lakini akili yake timamu na anasikia kila kitu. Muulize yeye, kisha nyamaza, hesabu moja mpaka kumi moyoni, jibu litakuja. Na mzee ni mzee, mpe shikamoo yake hata kama hawezi kurudisha marahaba.

Ukiwa umetoka bara jifunze na maneno ya nyumbani kwao. Hapa Lamu wazee wakisema mato ni macho, na ukisikia mtu anamwambia mtoto ndoo si ndoo ya maji, ni njoo. Kuna mwanafunzi alimwita mtoto mmoja mwenye Down sindromu, njoo, njoo, mara nne, mtoto akimuangalia tu, mwanafunzi akaniandikia kwenye foldha hafuati maagizo. Nyanyake akasema mara moja, "ndoo mwanangu", mtoto akaja akakaa. Nikamwambia afute alichoandika.

NENDA NYUMBANI KWANZA

Hili najua wengine watalipinga, watasema hakuna muda. Lakini angalia mji wenyewe, vichochoro vya Lamu punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima asubiri, kuna ngazi, kuna mitaro, kiti cha magurudumu hakipiti kila mahali. Anayetoka Siyu ama Kizingitini anategemea boti na boti inategemea maji, siku za bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, maji yakitoka kupanda na kushuka kunakua kazi, mtu mzima inabidi abebwe mgongoni mbele za watu na wengi wakishabebwa hivo mara moja hawataki tena kutoka. Kwa hivo ukimpangia mtu tarehe usiangalie kalenda ya kliniki tu, uliza nahodha siku hiyo maji yatajaa saa ngapi. Malindi nilikofanya kazi miaka sita ni afadhali kidogo, tuktuk inaingia mpaka mlangoni, kiti kinakunjwa kinaingia, lakini hata huko nshaona kliniki mlango wake una ngazi tatu na hakuna njia ya mteremko, sasa mgonjwa amefika na hajafika. Nenda ukaangalie mwenyewe kabla ya kumwita mtu.

Ukifika piga hodi usubiri, ukikaribishwa barazani kaa barazani, vua viatu ukiingia ndani. Kama wewe ni mwanamume na nyumbani yuko mama peke yake nenda na mwenzio wa kike, ama na mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa ule ambaye wanamjua. Na begi USIFUNGUE. Vifaa vikishatoka mtoto keshaanza kuogopa na mama keshaanza kuona haya kwa meno ya mwanawe. Kunywa chai uliyopewa, ongea habari za nyumba.

Ndani ya hayo mazungumzo ndo unauliza. Nani humpigisha mswaki na saa ngapi na huwa amekaa vipi. Nini humtuliza, akisikia nini hukimbia. Anakula nini na nani humlisha. Ameshapata kifafa, mara ya mwisho lini. Moyo wake umewahi kupimwa. Kuna dawa ama kitu kikimgusa humdhuru. Dawa zake ziletwe uzione chupa kwa macho, usiridhike na kuambiwa ile nyeupe. Na hili usiliruke kabisa, akinywa maji hukohoa?

Meno ukiyaona yameoza uso wako usibadilike. Mama huyo ameamka usiku mara tatu kumgeuza mwanawe asipate vidonda vya mgongo, ukimpa lawama ya meno juu yake hatakufungulia mlango tena, na atakua na haki.

MKEKANI

Sasa huyo mama wa Matondoni. Kule ndo kwa mafundi wa majahazi na kina mama wasukaji, na mkeka alioukalia kausuka mwenyewe. Mwanawe wa miaka 11 ana mtindio wa ubongo, mwili unakakamaa, na hakua amepelekwa kwa mtu wa meno hata siku moja lakini meno yake yalikua safi kuliko ya wengi tunaowaona kliniki. Nikamuomba anioneshe anavofanya, nikakaa chini nikatazama, na tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu nampeleka akatazame kabla hajashika kioo.

Anakaa mgongo ukutani, miguu ameitanua, kijana anakaa katikati mgongo wake kwenye kifua cha mama, kichwa kimelala begani kwa mama upande wa kushoto. Mkono wa kushoto unapita chini ya kidevu unashika taya kwa upole, wa kulia una mswaki. Angalia hapa vizuri, kijana HAYUKO chali. Ameegemea tu, kidevu kimeshuka kidogo. Mtu ambaye kumeza kwake ni shida ukimlaza chali mate na povu vinateremka njia ya pumzi, na bakteria wa mdomo wakiingia mapafuni wanaleta nimonia, na nimonia ni katika vitu vinavoua hawa watoto na wazee waliopooza. Ndo maana nikasema swali la kukohoa usiliruke. Huyu mama hakuambiwa hayo na mtu, aliona tu mwanawe akilala chali anapaliwa.

Dawa ya meno iwe ya floraidi na iwe kidogo. Mtoto chini ya miaka 3 kama punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 kama punje moja ya mbaazi, mbaazi hizi hizi za kula na mahamri. Anayepaliwa mpe ile ya mchele hata kama ni mtu mzima, mswaki uwe na unyevu tu usiulowe maji, na kila baada ya meno matatu manne simama ufute povu mdomoni na ndani ya shavu kwa kitambaa safi. Asiyeweza kutema hana haja ya kusukutua. Na hata anayeweza, ateme basi, asisukutue, floraidi ibaki kwenye meno ifanye kazi, hili hata sisi wazima tunakosea.

Shida kubwa ya wengi ni kuuma. Kijana huyu mswaki ukigusa meno ya mbele taya linabana hapo hapo. Si ukaidi, ni misuli, na usimwambie mama kwamba mtoto mkorofi. Mama anaingiza mswaki kwa pembe ya mdomo, anapita kati ya shavu na meno mpaka nyuma kabisa, anaanzia nje ya magego. Taya likibana HAVUTI, anabaki hapo hapo, anamwambia pole baba, anamsugua shavu kwa nje na lenyewe linalegea. Upande wa ndani anatumia miswaki miwili, mmoja wa zamani mpini wake umezungushiwa kitambaa na kukazwa, anauweka baina ya magego ya kulia kijana auume huo, na kwa mwengine anasafisha kushoto, kisha anabadilisha. Kidole chako usikiweke baina ya meno ya mtu yeyote, hata mara moja, hata akiwa anacheka na wewe. Na kijiko cha chuma hapana, jino litavunjika.

Tena anahesabu kwa sauti. Moja mpaka kumi, na akifika kumi mswaki unatoka kweli, hamdanganyi na kumi na moja. Anapumzika, anaanza tena. Hiyo nimeichukua ikawa sheria kliniki kwetu, ukimwambia mgonjwa kumi ni kumi, hata kama ulibakisha kidogo tu umalize, toa mkono. Mwanafunzi mmoja aliniuliza sasa si itachukua muda, nikamwambia itachukua muda leo, mwezi ujao itachukua nusu.

Zile dakika mbili zinazoandikwa kwenye paketi wengi hawatazipata siku za mwanzo, haidhuru. Asubuhi safisha juu, jioni chini. Anayestahamili hesabu moja ya kumi mpe hiyo moja wiki nzima, wiki ijayo mbili. Lakini ya usiku kabla ya kulala isikose, mate hupungua mtu akilala na mdomo unakosa kinga yake. Na fizi zikitoa damu watu huacha mswaki wakidhani wanamuumiza, ni kinyume, endelea kwa upole na mswaki laini, damu ikitokana na uchafu mara nyingi hupungua ndani ya wiki moja mbili, isipopungua ndo aonwe.

Kwa anayeweza kujipigisha mwenyewe lakini mkono haukazi, tengeneza mpini mnene. Ndala zilizochoka, zile zinazookotwa ufuoni kila siku, hata ile jahazi ya Flipflopi iliyoundwa hapa hapa Lamu ilivishwa hizo hizo. Osha kwa sabuni, kata kipande cha kujaa kiganja, toboa kwa msumari wa moto katikati, sukuma mpini wa mswaki uingie ukaze. Kama vidole havifungi kabisa kata ukanda wa leso uzungushe kiganjani na mswaki uukaze ndani yake. Muache ajipigishe kwanza, alafu mlezi amalizie nyuma alikokosa. Hiyo kwanza ni yake, usimnyang'anye kwa sababu wewe una haraka.

Na wazee watakuuliza kuhusu msuaki wa mti. Usiwacheke. Babu mmoja asiyeona hapa Mkomani ametumia wa mti miaka yote na meno yake ya mbele imara, kilichomshinda ni nyuma na ndani. Nilimwambia aendelee na wa mti asubuhi na kabla ya swala, usiku atie wa dukani wenye floraidi, akakubali. Ningemwambia aache angeniacha mimi.

DAWA NA UTAMU

Hapa mwanafunzi atumie akili ya darasani. Anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa fizi zake zaweza kuvimba zikapanda juu ya meno, mama atadhani ni jipu ama ni ugonjwa mpya. Kazi yako ni kueleza ni dawa, kwamba meno yakiwa safi fizi huvimba kidogo zaidi, na kumwandikia barua daktari wake. Usimwambie aache dawa, USITHUBUTU, kifafa kikirudi kwa nguvu chaua. Alafu dawa za maji za watoto nyingi zina sukari, akipewa ya mwisho usiku baada ya mswaki kazi yote imepotea, basi dawa itangulie mswaki ufuate. Na zipo dawa zinazokausha mdomo, mpe maji mara kwa mara kama anameza vizuri.

Sukari huku kwetu ni ukarimu, nalisema kwa upendo. Mtoto asiyetembea kila mgeni anayeingia anampa kitu, mara mabuyu, mara kipande cha halua, mara chai ya maziwa imejaa sukari kwenye chupa ananyonya mchana kutwa. Kinachooza meno zaidi ni mara ngapi kwa siku, kuliko kipande kilikua kikubwa kiasi gani. Usikataze halua, hutafaulu na utaonekana huna adabu. Sema ale pamoja na chakula kikuu, amalize, baina ya hapo ni maji. Na wewe mwenyewe usije kliniki ukampa peremende ati kwa kua amekaa vizuri.

Ramadhani nayo uijue. Wengine hawataki dawa ya meno mchana wakiwa wamefunga, wewe si mufti, usianze kutoa fatwa. Panga mswaki baada ya daku kabla ya alfajiri, na usiku baada ya futari, meno yatakua salama na saumu haina shaka.

KLINIKI SASA

Wiki moja kabla mtumie mama picha kwa WhatsApp, mlango, wewe na maski, wewe bila maski, kiti, taa, glavu. Wamuoneshe mtoto kila siku, hasa mwenye usonji. Mpe nafasi ya kwanza asubuhi, asikae foleni masaa mawili kwenye kelele kisha umlaumu amechafuka. Mara ya kwanza asifanyiwe kitu, aguse kiti, akipande akishuke, aende zake. Ya pili hesabu meno. Kuna mbinu ya tangu 1959 kila mwanafunzi anaisoma, sema, onesha, fanya, lakini wengi wanasema na kufanya, ile ya kati wanairuka. Onesha kwenye kucha yake, kwenye ukucha wa mama, kwenye mdoli. Taa ikimuumiza mato mvishe miwani ya jua. Mkeka wake ama mto wake aje nao.

Mwenye kiti cha magurudumu, kama hakuna dharura na anapenda, mtibu hapo hapo kwenye kiti chake, funga breki, simama nyuma yake ukishikilia kichwa kama yule mama wa Matondoni. Mtoto mdogo wa miaka miwili mitatu, wewe na mama mkae magoti kwa magoti, miguu ya mtoto kiunoni kwa mama akiwa anamuona mamake, kichwa mapajani mwako.

Kuhusu kushika. Mama kumshika mwanawe mkono ni sawa. Watu wanne kumlaza mtu kwa nguvu kwa sababu ya jino lisilo la dharura, hapana, mimi siruhusu. Kazi ikiwa kubwa mtu huyo anahitaji usingizi kamili wa hospitali yenye daktari wa usingizi, ulizia mapema ni wapi na siku gani, usingoje uso uvimbe. Uvimbe ukishuka shingoni, homa, mdomo haufunguki, kumeza kumekua shida, hiyo ni leo leo si kesho.

Kwa meno yaliyotoboka bila maumivu makali kuna njia zisizo na mashine. Moja ni ile inaitwa ART, unachokoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti ya glasi ayonoma, bila dril na mara nyingi bila sindano ya ganzi, yafanyika hata barazani, na mjue ilianzia hapa Afrika Mashariki, Tanzania, miaka ya kati ya 1980. Ya pili ni silva daiamini floraidi ya asilimia 38, iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2021. Unakausha jino, unapaka vaselini midomoni, unatia tone kwa kibrashi kama dakika moja, uozo husimama, kisha warudia baada ya miezi sita. Usiipake jino ambalo mshipa umeshaguswa ama linauma lenyewe usiku. Na pale ilipooza panakua peusi, hapaondoki. Hilo umwambie mama KABLA, umuoneshe picha, akubali kwa kinywa chake, manake meno ya mbele ya msichana kua meusi si jambo dogo kwa familia.

Mengine haraka haraka. Mwenye Down sindromu uliza moyo kabla ya kung'oa, wengi huzaliwa na tatizo, na shingo yake usiivute nyuma, mifupa ya juu ya shingo yaweza kua haijakaza, fizi zake ziangalie mapema kuliko meno. Kiziwi, teremsha maski, mwanga uwe usoni mwako usiwe mgongoni, jifunze ishara sita tu za kuanzia za Lugha ya Ishara ya Kenya, maumivu, fungua, funga, subiri, imekwisha, vizuri, na kama hakusoma shule ya viziwi ana ishara zake za nyumbani, muulize ndugu yake. Kubalianeni akiinua mkono unasimama, na usimame. Asiyeona, mpe kiwiko chako akishike yeye, usimburute, mwambie kiti kinashuka kabla hakijashuka, kioo akiguse. Aliyepooza, meno bandia yatoke usiku yaoshwe, na baada ya kila mlo angalia shavu la upande uliolala. Kifafa kikimpata kwenye kiti, toa vifaa, teremsha kiti, mlaze ubavu, usitie chochote mdomoni, usimnusishe kiatu wala kitunguu, tazama saa, kikipita dakika 5 ita msaada wa hospitali. Na povu lake haliambukizi, waambie waliosimama mlangoni kwa sauti ya kusikika.

ASIYEWEZA KUSEMA ANAUMWA

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu ya msichana mmoja wa Malindi, hasemi, miaka 14. Alianza kujipiga ngumi upande mmoja wa uso, halali, anasukuma sahani. Nyumbani wakasema kapandwa, akasomewa, akafukizwa, miezi miwili. Mhudumu wa jamii ndo alinipigia. Sikubishana na mtu kuhusu majini, nilisema tu mnayoyafanya endeleeni, na mimi niruhusuni nitazame jino. Gego la chini lilikua na usaha kwenye mzizi. Tulikwenda ziara tatu na mwanafunzi wangu kabla hajatukubali, ya nne tukalitoa akiwa na ganzi na mkono wake kwa mamake. Usiku ule alilala. Mamake alinipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniambia amelala, nikamsikia analia.

Kwa hivo mtu asiyesema akibadilika, akijipiga uso, akiuma mkono, akikataa kitu cha baridi ama kigumu alichokua akikipenda, mate yakizidi, usingizi ukipotea, tazama mdomo KWANZA. Dakika mbili na tochi ya simu.

KABLA HUJAPANDA BOTI KURUDI

Wiki sita zikiisha wanafunzi huandika ripoti ya chuo, sawa. Mimi nataka na daftari. Kila nyumba tuliyoingia ina ukurasa, hauandikwi ugonjwa juu, linaandikwa jina na anavopenda kuitwa. Ukurasa wa kijana wa Matondoni umeandikwa na wanafunzi watano sasa, miandiko mitano, waanza hivi: hapendi ladha ya minti, tafuta isiyokua kali. Anzia magego ya juu kulia. Akifumba mato ni sawa, akikunja dole gumba ndani ya ngumi simama. Mswaki wa kuuma umebadilishwa mwezi wa tatu. Mamake ataka kuulizwa habari za mgongo wake yeye kabla ya meno. Hesabu mpaka kumi.